Sindano Safi Ina Bei Ngapi?

Katika maduka mengi ya dawa ya Mombasa bidhaa karibu zote zina bei moja kwa kila mtu. Panado ni ile ile kwa mwalimu na kwa kuli wa bandarini. Sindano ya mililita moja ni kando. Mama wa buibui akisema ni ya insulini ya mzee wake nyumbani, anauziwa kwa shilingi 10 au 15, anatiliwa mfukoni, na shukrani juu. Kijana aliyekonda, mikono ya shati imeshushwa mpaka viganjani, akiitisha ile ile ataambiwa zimekwisha, au alete cheti cha daktari, au leo ni 30. Lalamiko hilo utalisikia katika maskani nyingi za watumiaji kuanzia Kisauni hadi Malindi, na ukivuka mpaka utalikuta Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam, likisemwa kwa maneno karibu yale yale.

Makala hii ni ya kulinganisha bei. Inamhusu anayejidunga unga, yaani heroini, inamhusu dada au mama anayemnunulia kwa siri, na inamhusu muuzaji aliye nyuma ya kaunta. Habari ya kuacha itakuja mahali pake. Atakayeacha mwezi ujao bado anahitaji kuufikia huo mwezi ujao akiwa hana virusi.

Tuanze na hesabu. Heroini haikai mwilini siku nzima. Baada ya saa chache arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, inaanza kubisha hodi, ndiyo maana wengi hujidunga mara tatu au zaidi kwa siku. Kete, yaani kipakiti kimoja cha unga, Pwani huuzwa takriban shilingi 100 hadi 300, kutegemea mtaa na upatikanaji. Tuweke 200. Kete tatu ni 600 kwa siku. Sindano tatu mpya, kwa 15 kila moja, ni 45. Yaani katika kila shilingi 100 zinazomtoka mtu huyu, sindano inachukua saba tu. Hata akipandishiwa mpaka 30, bado ni 13. Kwa mwezi, unga unakula 18,000, na sindano, kwa bei ya haki, 1,350.

Kwa karatasi, basi, hakuna sababu ya mtu kuchukua sindano ya mwenzake ili aokoe shilingi 15. Lakini pesa ya teja haiji kwa mwezi. Inakuja kidogo kidogo, kwa kubeba mzigo, kwa kuokota vyuma chakavu, kwa kuomba, na wakati mwingine kwa njia ambazo hataki kuzisema. Akipata 200 kamili ameshafika bei ya kete, na mwili unamwambia aende sasa hivi. Hizo 15 za ziada zinadai subira ambayo mwenye arosto hana. Ongeza safari ya kwenda duka la dawa, ongeza uwezekano wa kufukuzwa, ongeza askari njiani. Hapo ndipo sindano iliyolala kwenye ufa wa ukuta wa maskani inapoonekana ya bure.

Kabla hatujafika kwenye hiyo ya bure, tuzungumze kuhusu ya kununua, maana hata humo watu wanauziwa kisichowafaa.

Duka la kawaida lina aina mbili kuu. Ya kwanza ni bomba la mililita 2 au 5, lenye sindano inayochomolewa. Ndilo linalotumika zahanati kudungia dawa, kwa hiyo kila duka linalo. Ya pili ni ile ndogo ya insulini, mililita moja, ambayo sindano yake imeunganishwa moja kwa moja na bomba, na kifuniko chake kwa kawaida ni cha rangi ya chungwa. Bei zinapishana kwa shilingi chache tu. Wauzaji wengi humpa mtu ile kubwa kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono.

Tofauti yake ni kubwa kuliko bei inavyoonyesha. Kwenye bomba la kuchomoa, baada ya kusukuma mpaka mwisho, pale bomba linapokutana na sindano panabaki nafasi. Waliopima wamekuta inaweza kubakisha takriban mikrolita 84 za majimaji. Kwenye ile ya insulini panabaki kama mikrolita 2. Kwa anayeitumia baada ya mwenzake, hizo 84 zina damu ya mwenzake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 kwamba huduma za sindano ziwe na hizi zenye mabaki madogo, kwa sababu hiyo hiyo.

Na kwa anayeangalia mfuko wake peke yake, iko hesabu nyingine. Tuseme kete yake ya 200 ameichanganya ikawa nusu mililita. Mikrolita 84 zikibaki ndani ya bomba, ametupa kiasi cha sehemu moja kati ya sita ya alichonunua, yaani zaidi ya shilingi 30. Hiyo ni bei ya sindano mbili za insulini. Anayechukua bomba kubwa kwa kuwa limepungua shilingi mbili amepoteza mara kumi na tano ya alichookoa.

Angalia pia namba ya unene, iliyoandikwa kwenye pakiti na herufi G. Namba ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. Zile za mabomba makubwa mara nyingi huwa 21 hadi 23, nene, zinazoacha tundu linalovuja damu na mshipa unaoharibika upesi. Za insulini huwa 29 hadi 31. Mshipa ukishaharibika mkononi, mtu huhamia shingoni au kwenye kinena, na huko ndiko hatari ya kuvuja damu nyingi na kuganda kwa damu inakoongezeka. Mshipa mpya hakuna duka linalouuza.

Ukipewa pakiti, itazame kabla ya kuondoka kaunta: iwe haijachanika wala kulowa, tarehe ya mwisho isiwe imepita, na iwe na alama ya namba 2 iliyokatwa kwa mstari, maana yake itumike mara moja tu. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iwe na tahadhari yake. Ziko sindano za insulini zenye vipimo tofauti, zile za kifuniko chekundu ni za insulini ya nguvu nyingine, na zikichanganywa mzee anaweza kujipima dozi isiyo yake. Msiziweke kwenye boksi moja.

Sasa ile ya bure. Sindano ya kuazima ndiyo chaguo ghali kuliko yote katika makala hii, na ughali wake una rekodi mbaya hapa kwetu. Nchini Kenya, makadirio yaliyotumiwa kupanga huduma zaidi ya miaka kumi iliyopita yalikuwa kwamba watu kama 18 katika kila 100 wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI, wakati kwa watu wazima wote ilikuwa kama 6. Dar es Salaam hali ilikuwa nzito zaidi: tafiti za mwanzo zilikuta zaidi ya theluthi moja, na kwa wanawake zaidi ya hapo. Jiji hilo hilo ndilo lililotajwa mwaka 2005 katika taarifa za kitabibu kwa tabia ya mtu kuvuta damu yake baada ya kujidunga, kisha kumpa mwenzake bomba lenye damu hiyo, kwa imani kwamba ndani mmebaki unga wa kumtuliza arosto. Waliofanya hivyo walikuwa wanawake maskini wakisaidiana. Huruma ile ilikuwa na nia safi, na ilipeleka virusi moja kwa moja mshipani.

Virusi vya homa ya ini aina ya C ni vigumu zaidi kufa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale walivikuta vikiwa hai ndani ya mabomba ya kuchomoa hadi siku 63. Joto linafupisha muda huo, lakini hakuna mwenye kipimajoto maskani, na sindano iliyolala kwenye ufa wa ukuta haisemi imelala tangu lini.

Gharama ya maambukizi haya ni ngapi kwa mgonjwa? Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ni bure Kenya na Tanzania, ila ni za maisha, na kila ziara ya kliniki ina nauli na siku ya kazi iliyopotea. Dawa ya homa ya ini C ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013 ilikuwa dola 84,000 kwa tiba ya wiki 12. Leo dawa zilizotengenezwa na viwanda vingine zinapatikana kwa mipango ya kimataifa chini ya dola 100. Hata hapo, kipimo cha kuthibitisha kwamba virusi vipo katika damu, ukikilipia mwenyewe hospitali binafsi, ni maelfu ya shilingi. Weka kando jipu la mkononi, ambalo halihitaji virusi vyovyote, linahitaji sindano chafu tu, na ambalo likichelewa humaliza akiba ya nyumba nzima.

Wapo wanaotumia sindano yao wenyewe mara tatu nne. Hiyo ni nafuu kuliko kuazima, kwa mbali, maana huwezi kujiambukiza virusi ambavyo huna. Lakini ncha hupinda tangu mara ya kwanza, na uchafu wa ngozi hurudi ndani. Na maskani watu wengi wana bomba la rangi moja, lililowekwa mahali pamoja. Yangu ni ipi na yako ni ipi huwa suala la kumbukumbu. Anayelazimika aweke alama yake.

Kusafisha kwa jiki ni chaguo la mwisho kabisa. Chupa ni rahisi, nusu ya kazi inafanyika, ila hakuna uhakika kwa homa ya ini C, na inadai kusuuza mara nyingi kwa maji safi na kusubiri, mambo ambayo mwenye maumivu ya arosto atayafupisha. Kuchemsha bomba la plastiki ni kuliharibu.

Kisha kuna ya bure iliyo ya bure kweli. Tangu 2012 na 2013 Kenya ina vituo vinavyotoa sindano mpya na kupokea zilizotumika. Mombasa iko MEWA, ambayo ni jumuiya ya Waislamu, na iko Reachout Centre Trust. Malindi uko Omari Project. Vilipoanza, baadhi ya viongozi wa dini na wakazi wa Pwani walipinga vikali, wakisema ni kuwapa vijana silaha ya kujiulia. Hofu ile naielewa. Lakini kijana tunayemzungumzia alishajidunga asubuhi hiyo kabla mtu yeyote hajampa chochote. Nchini Tanzania, huduma ya aina hii ilianzia Temeke, ikiendeshwa na Médecins du Monde, madaktari wa Kifaransa.

Kwa bei, kituo hakina mpinzani. Mtu anapata sindano kadhaa kwa mara moja, pamba ya spiriti, maji safi, anapimwa, kidonda kinafungwa, na anayemhudumia mara nyingi ni mwelimishaji rika aliyewahi kuwa maskani. Udhaifu wake ni saa na umbali. Usiku kimefungwa. Anayeishi Likoni ana kivuko mbele yake. Mwanamke mwenye watoto anaogopa kuonekana akiingia. Na ipo hesabu ambayo hata wafadhili hawaipendi: lengo la Shirika la Afya Duniani ni sindano 300 kwa mtu mmoja kwa mwaka ifikapo 2030, baada ya lengo la 200 kufikia 2020. Yule wetu wa mara tatu kwa siku anahitaji 1,095. Nchi ikifikia lengo kwa ukamilifu, bado atakuwa amepewa chini ya theluthi ya anazotumia.

Halafu kuna suala la nani analipa. Fedha za UKIMWI za Marekani kwa muda mrefu zimekatazwa kununua sindano zenyewe. Zilisaidia mishahara, vipimo na metadoni (dawa inayochukua nafasi ya heroini), na sindano zikanunuliwa kwa fedha nyingine, hasa za Mfuko wa Dunia. Misaada ile ilipositishwa ghafla Januari 2025, huduma zilizozunguka sindano ziliyumba pia. Anayetegemea kituo peke yake ana kikapu kimoja tu cha mayai. Hapo ndipo duka la dawa, ambalo mara nyingi hufunguliwa mpaka usiku na liko karibu kila mtaa, linapokuwa na thamani ambayo haionekani kwenye bei.

Miji mingine ilijifunza hili kwa gharama. Edinburgh, Scotland, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sindano ziliacha kuuzwa na polisi wakawa wanazikamata mitaani. Watu wakaanza kugawana zile chache zilizobaki. Kufikia 1986, katika zahanati moja ya jiji hilo, nusu ya waliopimwa kati ya wanaojidunga walikutwa na virusi vya UKIMWI. Amsterdam, mwaka 1984, duka kubwa la dawa katikati ya jiji lilipokataa kuwauzia, watumiaji wenyewe, waliokuwa na chama chao, wakaanza kubadilishana sindano kuukuu kwa mpya kwa msaada wa idara ya afya. Na katika kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani, ambako vituo vya kubadilisha sindano vilikuwa marufuku, mwaka 2015 ulizuka mlipuko wa virusi hivyo ulioambukiza watu zaidi ya 180 katika eneo la vijijini ambalo kabla ya hapo lilikuwa na visa vichache mno.

Upande wa pili, linganisha kaunta tatu. New York iliruhusu maduka ya dawa kuuza sindano bila cheti kuanzia Januari 2001, kwa mwanzo zisizidi 10 kwa mara moja, na mnunuzi akalipa bei ya duka. Uingereza, maduka mengi ya dawa hutoa pakiti bure kwa niaba ya serikali na hupokea zilizotumika. Ufaransa iliondoa sharti la cheti mwaka 1987, na katika miaka ya 1990 ikaja na kisanduku kiitwacho Stéribox: ndani sindano mbili za insulini, maji, pamba ya spiriti, vijiko vya kuchanganyia na kondomu, kwa karibu yuro 1, bei iliyopunguzwa na serikali.

Kwa mji kama Mombasa ningechagua ya Wafaransa. Ya Uingereza ni nzuri kuliko zote kwa mteja, lakini inataka serikali inayomlipa muuzaji kila mwezi bila kuchelewa, na sisi tunajua malipo ya serikali yanavyotembea. Ya New York inaacha bei mikononi mwa muuzaji. Kisanduku kina jina lake na bei yake imejulikana. Mnunuzi anaweka pesa, anachukua, anaondoka. Hakuna anayeulizwa ni ya kumdunga nani.

Muuzaji naye ana hofu yake, tusimwonee. Anaogopa kuonekana rafiki wa mateja, anaogopa wizi, anaogopa askari. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inagusa hata vyombo vya kutumia dawa hizo, na ndiyo maana mtumiaji naye huogopa kutembea na sindano mfukoni. Matokeo yake ananunua moja, anaitumia, anaitupa papo hapo kichochoroni, ambako ataikanyaga mtoto au muokota plastiki. Anayeweza kubeba kumi bila hofu hununua kumi, na hurudisha kumi ndani ya chupa ngumu ya plastiki iliyofungwa. Kwa bei ya moja moja analipa pia kwa miguu yake mara kumi, na kila mara ni nafasi mpya ya kufukuzwa.

Chaguo linalopunguza sindano zote hizi ni metadoni, inayonywewa. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011. Kenya ikaanza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, halafu Malindi na Kisauni mwaka uliofuata. Dawa yenyewe ni bure. Gharama ni kwenda kila siku. Nauli ikiwa 100 kwenda na kurudi, ni 3,000 kwa mwezi, ukilinganisha na 19,350 za unga na sindano. Kwa anayekaa karibu na kliniki hakuna hesabu ya kubishania. Kwa wa mbali, familia ikichangia nauli badala ya kumchangia chakula anachokiuza, itakuwa imetumia vizuri pesa ile ile.

Kwa hiyo, mchana na kama kituo kiko karibu, chukua huko, na chukua za kukutosha Jumamosi na Jumapili. Kama hakiko karibu, nunua duka la dawa zile za mililita moja zenye sindano isiyochomoka, kumi kwa pamoja. Hizo shilingi 150 ni chini ya bei ya kete moja ya 200. Dada mtu anayeona haya kununua aseme tu anataka za insulini. Ni nadra duka kumdai cheti.

Na wewe muuzaji: weka sindano kwenye rafu inayoonekana, ubandike bei yake kama ulivyobandika ya Panado, na bei hiyo iwe moja kwa mama wa buibui na kwa kijana wa mikono iliyofunikwa.